Sura ya Saba: Basi Lililochemka Likirudi

Jescah Andati alichovya kidole kwenye beseni la oili, akakinusa, kisha akakipangusa kwa tambara.

"Imeungua."

"Hiyo si oili tena, Madam. Hiyo ni lami," Shikanga alijibu kutoka chini ya basi. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. "Oili ya giaboksi ya aina hii huwa nyekundu. Na sahani za klachi huko ndani zimekuwa mkaa. Ungezichomea mahindi."

"Ilikuwa imepungua?"

"Haikupungua. Nilipima nikiimwaga. Ilikuwa imejaa vile inafaa."

Jescah alilitia jibu hilo akilini. Mwizi wa oili haachi giaboksi imejaa.

Kabla ya kufungua ofisi yake ndogo mjini Kakamega, Jescah alikuwa polisi wa kukagua magari. Siku hizi watu walimletea ng'ombe waliopotea, mipaka ya mashamba, na waume waliodai kuwa safarini. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuletewa basi.

Na halikuwa basi la kawaida. Lilikuwa limebeba watoto wa shule katika nchi ya mbali mpaka likazeeka, likatolewa msaada, likang'olewa viti na kuwekwa kitanda, pazia, kiti cha kupimia macho na ubao wa herufi kubwa na ndogo. Watu wa vijijini waliliita Basi la Macho. Lilijibadilishia gia lenyewe, kwa hiyo hata dereva mwenye mguu mzito asingeweza kuliharibu kwa kukanyaga klachi. Hata hivyo giaboksi yake ilikuwa imechemka mara mbili, likabadilishwa oili mara mbili, na Alhamisi iliyopita, likitoka Matungu, likafika Ekero likakataa kabisa. Injini ilinguruma, magurudumu hayakusogea.

Kwenye benchi kando ya ukuta wa gereji, Daktari Kulthum, mwenye kliniki hiyo, alikuwa amefungua kopo la chakula cha mchana. Hakuwa na hamu ya kula.

"Bodi inakutana kesho," alisema. "Wanaona giaboksi haiungui mara tatu bila mkono wa mtu. Wanataka jina."

"Na wewe unalo."

"Ninalo. Silitaki, lakini ninalo." Alitazama upande wa pili wa ua, ambako mzee mwenye kofia ya sufi alikuwa akisugua taa ya mbele ya basi kwa kitambaa. "Osiako. Nikilitaja jina hilo kesho, hataendesha tena, na watampeleka polisi. Ndiyo maana nimekuita leo."

"Una ushahidi gani?"

"Mmoja tu, lakini unaninyima usingizi. Kila nilipopanda basi lile kurudi, halikuchemka hata kidogo. Kila nilipotangulia kwa gari langu kuwahi wagonjwa wa hospitali, likachemka. Nielezee hilo, Jescah. Basi linajuaje kwamba mimi nimo?"

Daktari alimsogezea kopo.

"Chukua kiazi. Mama yangu ananipikia kana kwamba bado niko darasa la pili."

Jescah alichukua kiazi kitamu, bado na ngozi yake. Alikula taratibu, akakigeuza, akakitazama. Upande mmoja ngozi ilikuwa laini, imechemshwa. Upande wa pili ilikuwa kavu na imekunjamana, na nyama yake ilikuwa na ladha ya moshi.

"Mama hupika kwa moto gani?"

"Gesi. Kwa nini?"

"Kitamu," Jescah alisema, akakifunga kipande kilichobaki ndani ya karatasi na kukitia mfukoni. Daktari alidhani ni njaa.

Kuku jike wa kahawia alipita mbele yao akiburuta kamba iliyofungwa kwenye gurudumu bovu. Manyoya ya bawa lake moja yalikuwa yamejikunja ncha, kama nywele zilizokaribia moto.

"Huyu ni wa nani?"

"Anajijua mwenyewe," Shikanga alisema, akitoka chini ya basi. "Tulilivuta basi kutoka Ekero, asubuhi yake nikamkuta hapa. Tunamwita Rejeta. Hataki kutaga."

"Mlipolivuta mlikuja moja kwa moja?"

"Mzee aliomba tusimame kidogo Shirere, hapo nje ya mji. Nikaenda kutafuta chai. Nikarudi, tukaendelea."

"Basi limekufa, linavutwa kwa mnyororo, na dereva anaomba kupitia Shirere?"

Shikanga alikuna kidevu. "Ukilisema hivyo, Madam, ni kweli linakaa vibaya."

Jescah alivuka ua.

"Habari ya leo, Mzee Osiako?"

"Nzuri tu, mwanangu. Umekuja kunishika?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Kuulizwa hakuumizi." Mzee hakuacha kusugua taa, ingawa ilikuwa imeng'aa zamani.

"Mshale wa joto ulianza kupanda wapi?"

"Tukishatoka tu Matungu. Hata barabara ya lami hatujafika."

"Na mkienda?"

"Tukienda haupandangi. Unalala kama mtoto ameshiba."

"Mshale ulipopanda ulifanya nini?"

"Nilisimama. Nikangoja gari ipoe. Ikipoa tunaenda, ikipanda tunasimama. Siwezi kuua gari hii. Nimeiendesha tangu ifike. Hata mke wangu anasema ninaiamkia kabla yake."

"Ulibeba nini kutoka Matungu?"

"Meza. Hema. Sista Nekesa."

"Na kingine?"

Kitambaa kilisimama juu ya kioo. "Andika kosa ni langu."

"Kosa gani?"

"Lile wanalolitaka."

"Mzee, hao watu watakupeleka polisi."

"Nimesikia." Akaanza kusugua tena. "Lakini giaboksi, sikuigusa. Hiyo pia uandike."

Jescah alikuwa amehoji waongo wengi maishani. Mwongo hukana kosa na kusingizia mwingine. Huyu alikubali kosa ambalo hakulijua na kukana lile aliloshukiwa. Kuna kitu alikuwa amekikalia, na hakikuwa oili.

* * *

Ekero kulikuwa na joto, na trela za miwa zilikuwa zimepanga foleni zikidondosha majani makavu barabarani. Jescah aliegesha pikapu yake mbele ya duka la vipuri la Mahmoud. Oili mbili zilizopita zilinunuliwa hapo, na wapo wanabodi waliosema waziwazi kwamba ilikuwa bandia.

"Assalaam aleikum," Mahmoud alisema kabla hajainua uso.

"Wa aleikum salaam. Nimekuja kuhusu Basi la Macho."

"Nilijua. Tangu Alhamisi watu wananitazama kama nimewauzia maji ya mto." Alichukua kopo jipya, akavunja lakiri mbele yake, akamimina tone kwenye karatasi nyeupe. Lilitambaa, jekundu na safi. "Basi. Na umuulize Daktari Kulthum gari lake mwenyewe linatumia oili gani. Ni hii hii. Anainunua hapa hapa. Mbona lake haliungui?"

Jescah alilinusa lile tone. Alinusa pia makopo mawili matupu yaliyobaki nyuma ya duka kutoka mara ya kwanza na ya pili. Oili haikuwa na kosa.

"Ulikuwepo basi liliposimama?"

"Nilikuwa wa kwanza kusukuma. Mzee Osiako alishuka uso umemparara, masikini. Ungedhani ni mtoto wake amezimia."

"Ulinusa nini?"

Mahmoud alicheka kidogo, akajizuia. "Utanicheka."

"Sitakucheka."

"Alhamisi mimi hufunga, sunna. Saa kumi jioni, tumbo limeshikana na mgongo, ninasukuma basi. Kulikuwa na ile harufu kali ya oili, sawa. Lakini chini yake kulikuwa na harufu ya viazi vya kuchoma. Nilisema, hii ni nafsi yangu inanijaribu. Nikazidi kusoma istighfari."

"Uliisikia wapi zaidi? Mbele kwa injini?"

"Hapana. Huku ubavuni, kulia, pale kwenye buti la mizigo. Nikakimbilia kusukuma upande wa kushoto, ili nisifungue saumu jua halijazama."

Jescah alicheka, licha ya ahadi yake. Mahmoud alimsamehe.

* * *

Aliporudi gereji alimkuta Sista Nekesa, muuguzi wa kliniki, akikunja ubao wa herufi wa turubai ili aupeleke mahali penye usalama. Alikuwa mwanamke wa vichekesho, mwenye sauti ya kwaya, lakini alipomwona Jescah alianza kukunja kwa haraka zaidi.

"Sista, nisaidie kwa jambo dogo. Mara ya kwanza basi lilichemka mkitoka wapi?"

"Matungu."

"Ya pili?"

"Buyangu, kule msituni."

"Ya tatu Matungu tena. Lakini mlifanya kliniki Shirere pia, kwa wiki nzima. Halikuchemka?"

"Wapi. Hata ile foleni ya kuingia mjini, tulikaa juani tukiwa tumewasha gari, mshale haukutikisika."

"Ajabu. Shirere mlihudumia nani?"

"Wanafunzi wa chuo, wale wa kupanga vyumba. Macho mazuri tu, wanaharibiwa na simu."

"Nao waliwapa nini?"

"Wale?" Nekesa alitoa mguno. "Walitupa selfi. Hata ndizi moja..."

Ubao wa herufi ulimponyoka, ukajikunjua hadi miguuni mwake.

"Na Matungu," Jescah aliuliza polepole, "waliwapa nini?"

Nekesa aliketi kwenye ngazi ya basi. Juu ya kichwa chake, maandishi ya rangi ya samawati kwenye ubavu wa basi yalisomeka: HUDUMA NI BURE. HATUPOKEI ZAWADI.

"Madam, si mimi nitasema," alisema. "Tuliapa."

"Usiseme. Niachie mimi niseme, wewe ubaki na kiapo chako. Shikanga, buti la kulia liko wazi?"

"Kuna nini mle? Ni tupu."

"Ndiyo. Leo ni tupu."

Alipiga magoti mbele ya buti, akaingiza kichwa na tochi. Sakafuni kulikuwa na vumbi jekundu, si la Kakamega mjini, na jani la mgomba lililokauka. Ukuta wa ndani haukuwa bati. Ulikuwa wavu wa chuma, na nyuma ya wavu kulikuwa na kipoza oili chenye feni yake. Kati ya mapezi ya kipoza hicho, Jescah alichomoa unyoya wa kahawia. Ncha yake ilikuwa imejikunja.

"Shikanga, kipoza cha giaboksi huwa wapi?"

"Mbele, karibu na rejeta ya kupoza injini."

"Hiki kiko tumboni."

Shikanga alijiinamia kando yake, akapiga mluzi. "Waliolifanya kliniki ndio walikihamisha. Mbele waliweka mashine ya kupoza chumba cha wagonjwa. Kwa hiyo hiki kinavuta hewa kupitia kwa buti? Nami nilitafuta ubovu siku mbili nzima."

"Unganisha feni na betri. Na mwite Daktari. Na Mzee Osiako."

Walipokusanyika, Jescah aliwasha moto mdogo wa majani mabichi ndani ya karai, akaliweka mbele ya buti lililofunguliwa. Feni ililia. Moshi ulijikunja, ukaingia ndani ya buti, ukapenya kwenye wavu na kumezwa wote.

"Hivyo ndivyo giaboksi hii inavyopumua," alisema. "Sasa, Shikanga, lete magunia yako ya matambara. Jaza."

Shikanga alisukuma magunia mpaka yakafunika wavu. Moshi ulifika mlangoni mwa buti, ukasita, ukapanda juu usoni mwa Daktari Kulthum, ukamliza macho. Feni iliendelea kulia bure.

"Hakuna aliyeiba oili," Jescah alisema. "Hakuna oili bandia. Gari linaenda Matungu buti likiwa tupu, giaboksi inapumua. Linarudi limejaa, giaboksi inazibwa pua. Lingechemka hata kama dereva angekuwa malaika. Na wewe ukiwemo, Daktari, halichemki, kwa sababu ukiwemo hakuna anayethubutu kulijaza."

"Kulijaza nini?"

Jescah alitoa mfukoni karatasi yake, akaifungua. Kipande cha kiazi kilikuwa kimebadilika rangi. "Hiki. Upande mmoja umechemshwa kwa gesi ya mama yako. Upande wa pili umechomwa na giaboksi yako. Mchana wa leo, Daktari, ulikuwa unakula ushahidi."

Nekesa alificha uso kwa ubao wa herufi. Mabega yake yalitikisika.

Daktari hakucheka. Alitoa simu, akapiga, akaiweka ili wote wasikie.

"Mama, shikamoo. Vile viazi ulinunua wapi?"

Sauti ya Bi Ayesha, tulivu, ilijibu kutoka nyumbani kwake Shirere: "Osiako umemfukuza?"

"Mama, nimekuuliza viazi."

"Nami nimekuuliza Osiako. Ukimfukuza yeye, nihesabu na mimi nimefukuzwa."

"Sijamfukuza mtu."

"Haya, basi sikiliza. Kukhu mmoja wa Matungu, bibi mzee kabisa, wajukuu zake hajawahi kuwaona sura. Wewe mwanangu ukamtoa ukungu machoni. Akaleta kuku na gunia la viazi, akaonyeshwa maandishi kwamba daktari hapokei. Kulthum, mwanamke yule alilia. Kumkatalia chakula chake ni kumwambia mikono yake michafu. Akasema, kama daktari hapokei, si ana mama aliyemzaa? Mpelekeeni huyo. Wenzake wakasikia, nao wakaleta. Osiako afanye nini? Atupe njiani?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa. Mimi nakula nusu, nusu inaenda kwa wale wanaolala hospitali wakingoja zamu yako ya upasuaji. Hukujiuliza uji wao una ndizi kutoka wapi?"

Simu ilikatika. Bi Ayesha hakuwa na desturi ya kuaga akiwa na hoja ya ushindi.

Daktari Kulthum alimgeukia dereva wake. Mzee alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

"Mzee Osiako, ulikuwa tayari kwenda polisi kwa sababu ya viazi?"

"Si viazi, Daktari. Ningesema, Sista angefukuzwa. Na wale akina mama wangesikia zawadi yao imeua gari, wasingekuja tena. Na mama yako angeaibika." Alifikiri kidogo. "Lakini sikujua ni mizigo. Naapa. Nilijua buti ni ya kubeba vitu. Kama ningejua inapumulia hapo, ningeweka magunia kwa kiti changu niendeshe nikiwa nimesimama."

"Unajua kwa nini nilikataza?"

"Hatujawahi kuuliza."

"Kwa sababu ya yule asiye na kuku. Akiona wenzake wameshika kuku kwenye foleni, ataona haya, atabaki nyumbani na ukungu wake."

Osiako aliinamisha kichwa. "Hilo ni kweli kabisa."

Feni ilikuwa bado inalia nyuma ya magunia, na Shikanga akakumbuka kuitoa kwenye betri. Kisha Jescah akauliza swali lake la mwisho, lile alilolihifadhi tangu alipouona wavu.

"Daktari, waliolitengeneza basi hili walipokukabidhi, hawakusema lolote kuhusu buti la kulia?"

Daktari Kulthum alilitazama lile buti kana kwamba linamtazama.

"Walisema libaki tupu."

"Walisema kwa nini?"

"Sikuuliza. Nilidhani siku moja tutaweka jenereta pale." Aliketi kwenye benchi. "Na sikumwambia mtu, kwa sababu hatukuwa na chochote cha kuweka mle. Hatupokei zawadi."

Hakuna aliyemcheka. Osiako alijifanya ameona doa kwenye taa.

"Shikanga," Daktari alisema, "giaboksi inafufuka?"

"Nikipata sahani mpya za klachi, inafufuka. Kipoza nitakirudisha mbele, mashine ya baridi niipandishe juu ya paa. Buti libaki buti."

"Fanya hivyo. Kesho bodi wanataka jina, nami nitawapa. La mtu aliyeambiwa buti libaki tupu akakaa nalo kimya." Alisimama, akakung'uta vumbi. "Maandishi hayafutwi. Kwenye foleni ya kliniki hapataonekana kuku hata mmoja. Lakini nyumba ya mama yangu si kliniki, na mimi si mlinzi wa mlango wake. Anayetaka kumsalimu, ampe Mzee Osiako mzigo pembeni, foleni ikishaisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Nekesa alisema, akiwa bado nyuma ya herufi.

Osiako alivaa kofia yake. Alikuwa ameanza kuelekea kwenye mlango wa dereva, kana kwamba basi lingeondoka sasa hivi, alipogeuka.

"Daktari. Kuna huyu." Alimwonyesha Rejeta, aliyekuwa akiparura vumbi chini ya gurudumu. "Ingokho ya kukhu wa Matungu. Ilijificha kwa kona, nikiteremsha mizigo Shirere sikuiona. Bado haijafika mahali ilitumwa."

Daktari Kulthum, ambaye katika miaka yote ya kliniki hakuwahi kupokea hata yai, alimtazama kuku yule na bawa lake lililobabuka. Kisha akainama, akafungua kamba, akamweka kwapani, kichwa kikitokeza mbele kama cha abiria anayetaka kuona njia, akaenda naye mpaka kwenye gari lake na kumfungulia mlango wa mbele.

"Shirere," alimwambia Jescah, bila kugeuka. "Njoo nawe. Mama atataka kujua nani alitambua viazi vyake."